Mita Ikisema Uongo: Kutafuta Kosa kwenye Vipima-maji na Visoma-chipu vya Samaki

Wengi wanaoniletea mita hapa Moshi huwa wameshafanya jambo moja kabla ya kufika: wameikalibreti. Namba ilikuwa haieleweki, wakaichovya kwenye bafa (myeyusho ambao pH yake, yaani kiwango cha asidi, inajulikana), wakabonyeza kitufe, namba ikarudi mahali pake. Siku ya tatu mambo yakawa yale yale, wakabonyeza tena.

Kalibresheni si dawa. Ukibonyeza kile kitufe unaiambia mita, "hiki unachokihisi sasa hivi ndicho pH 7." Kama elektrodi (ile ncha inayochovywa majini) imechoka, au bodi inavujisha umeme, au bafa yenyewe imeharibika, mita itaupokea uongo huo na kuutumia kwenye kila kipimo kinachofuata. Basi usiguse kitufe hicho mpaka ujue kwa nini namba imehama. Anza kutafuta majini, kwenye ncha inayolowa, kisha kebo, kisha plagi. Boksi lifunguliwe mwisho.

Haya yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza. Wengi ni wafugaji wa perege na kambale wa Hai, Himo na Usa River, na vijana wanaojitengenezea vifaa vyao kwa bodi ndogo za kompyuta za Arduino. Andaa maltimita, bafa mbichi za pH 4 na pH 7, klipu ya karatasi, betri ya volti 12, na maji ya betri ya kusuuzia. Maji ya betri yanauzwa kwenye maduka ya spea, lakini soma chupa: ipo ya maji matupu na ipo yenye asidi, na mara nyingine zinafanana rangi ya kizibo. Maji matupu mazuri hayazidi maikrosimensi 5 kwa sentimita. Kikalamu cha kupimia chumvi cha bei ndogo kinatosha kukuonyesha kama ni sifuri au la.

"pH haitulii, inatembea tembea"

Sababu ya kwanza, kuliko zote, ni elektrodi iliyokauka. Mtu amepima, ameifuta kwa kitambaa, ameiweka kabatini bila kofia yake. Kioo cha ncha kinahitaji tabaka jembamba la maji ili kifanye kazi. Iloweke usiku kucha kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 3 kwa lita, ule ule wa kuhifadhia. Usiiloweke kwenye maji ya betri, maana yanafyonza chumvi iliyomo ndani ya elektrodi na kuifupishia maisha. Ukikosa myeyusho huo kwa siku moja, bafa ya pH 4 itakuvusha.

Sababu ya pili ni kiungo kilichoziba. Pembeni ya kioo kuna kitundu au kidoti cheupe cha kauri, ambapo chumvi ya ndani inakutana na maji ya nje. Kwenye bwawa la samaki kitundu hiki hujazwa na ute na mwani. Ukipima kwenye chemchemi zenye chokaa, kitapata ganda jeupe. Ute na mafuta, osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Ganda la chokaa, loweka dakika 10 kwenye siki nyeupe au asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi moli 0.1, kisha suuza na uirudishe kwenye chumvi yake kwa saa moja. Usikisugue kioo, gusisha karatasi laini tu inyonye maji.

Sababu ya tatu haina kosa lolote la kifaa. Maji ya mvua yana chumvi kidogo mno, na hata vijito vya juu msituni vinaweza kuwa hivyo. Elektrodi nzuri kabisa huchukua dakika kadhaa kutulia humo. Subiri, koroga polepole, usikimbilie kulaumu mita.

Ya nne ni povu la hewa ndani ya ncha. Shika elektrodi kama kipimajoto cha zamani, itikise mara mbili kuelekea chini.

Ukishafanya hayo, pima milivolti, si pH. Mita nyingi zina sehemu ya kuonyesha mV. Kwenye bafa ya pH 7 inatakiwa uone kati ya −30 na +30. Kwenye bafa ya pH 4, kwa joto la nyuzi 25, inatakiwa ipande kwa karibu 177 kutoka pale ilipokuwa, kwa sababu kila hatua moja ya pH ni milivolti 59.16. Tofauti ikiwa 168 hadi 180, elektrodi ni nzima. Ikishuka chini ya 160 baada ya kuisafisha, imechoka, nunua nyingine. Andika tarehe na namba hiyo kwenye daftari kila wiki. Daftari litakuonyesha elektrodi inakufa taratibu miezi miwili kabla mita haijaanza kulalamika.

Kwa mfugaji kosa la pH si la karatasini tu. Amonia majini ina sura mbili, na ile inayoua samaki huongezeka pH ikipanda. Kwenye maji ya nyuzi 25 na pH 8, karibu asilimia 5 ya amonia yote ndiyo sumu. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo mita inayosoma 8 wakati maji ni 9 inakwambia uko salama wakati samaki wako wanaungua mashavu.

"Kila kitu ni pH 7, hata siki"

Hapa mita inaona sifuri milivolti muda wote. Kwanza angalia ncha chini ya mwanga: ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiua, na ufa huo hautibiki. Kisha plagi. Maji yakiingia kwenye plagi ya mviringo nyuma ya mita, waya wa kati na ganda la nje vinakuwa kitu kimoja. Kausha kwa spiriti na upepo, si kwa kiberiti. Mwisho ni kebo iliyokatika au iliyominywa na mlango wa gari.

Ili kutenganisha elektrodi na mita, chomoa elektrodi, kunja klipu ya karatasi na uunganishe tundu la kati na ganda la plagi ya mita. Lazima isome 0 mV, yaani pH 7.00, na itulie. Ikitulia, shida iko kwenye elektrodi au kebo yake. Ikirukaruka hata kwa klipu, sasa fungua boksi.

Na hapa ndipo wanaojitengenezea wanapoangukia. Kioo cha elektrodi kina ukinzani mkubwa sana, megaohm 50 hadi 500. Chukua 200. Ukiweka opampu (chipu ya kukuza ishara) ya kawaida inayovuta pikoampea 50 kwenye mguu wake wa kuingilia, tayari umepoteza milivolti 10, karibu pH 0.17, kabla hujapima chochote. Chagua opampu inayovuta chini ya pikoampea 1. Halafu usafi. Mabaki ya dawa ya kuunganishia risasi, yakichanganyika na unyevu wa masika, yanageuka njia ya umeme. Njia hiyo ikiwa na gigaohm 2 tu, elektrodi ya megaohm 200 inapoteza asilimia 9 ya nguvu yake. Mita itakwambia elektrodi imefikia asilimia 91, wewe utanunua mpya, nayo itasoma asilimia 91. Nimeona mtu akinunua tatu mfululizo.

Jaribio lake ni la bure: mita ikiwa imewashwa na elektrodi ikiwa kwenye bafa, pumulia bodi kama unavyopumulia miwani kabla ya kuifuta. Namba ikihama, bodi inavuja. Isugue kwa mswaki na spiriti safi, ikaushe vizuri, na kwenye toleo lijalo zungushia mguu wa kuingilia duara la shaba lenye volti ile ile ya mguu huo, ili umeme usiwe na sababu ya kutoroka. Tia vijiwe vya silika ndani ya boksi. Hiyo peke yake imeokoa vifaa vyangu vingi vya kando ya mabwawa kuliko ubunifu mwingine wowote nilioufanya.

"Pampu ikiwaka, pH inaruka"

Hii isome polepole, maana ina sehemu ya hatari.

Mara nyingi ni umeme kuzunguka kupitia njia mbili za ardhi. Kihisi cha pH na kihisi cha oksijeni viko kwenye tangi moja, vyote vinapata umeme kutoka chaja moja, na maji yanaviunganisha mara ya pili. Umeme unapata njia ya kupita ndani ya elektrodi. Endesha mita ya pH kwa betri yake yenyewe, ikiwa imetenganishwa kabisa na vingine. Ikitulia, unahitaji kitenganishi cha umeme kwa kila kihisi, na si programu ya kulainisha namba. Wapo wanaochukua wastani wa vipimo 100 na kufurahia namba iliyotulia. Wastani wa uongo 100 haugeuki ukweli.

Lakini sababu nyingine ni pampu yenyewe kuvujisha umeme wa volti 230 ndani ya maji. Mita hapo haina kosa, imekuwa ya kwanza kukuonya. Usitie mkono majini ili kuhakiki. Usimwambie mtoto ashike kebo. Zima swichi kuu, chomoa pampu, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni apime insulesheni. Na usiirudishe kazini mpaka saketi hiyo iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30. Mzee mmoja wa Machame aliniambia samaki wake wamekuwa wakali, wanakimbia kila pampu ikiwashwa. Hawakuwa wakali.

"Floraidi inatoka ndogo kuliko maabara" (au kubwa kuliko)

Hapa ndipo penye uzito kwa watu wa Arusha. Miteremko ya Meru ina maji yenye floraidi nyingi. Mto Maji ya Chai umewahi kupimwa ukiwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Meno ya kahawia tunayajua sote. Kifaa cha floraidi kikikosea, kuna kaya itaendelea kunywa kisima ambacho kilipaswa kufungwa.

Elektrodi ya floraidi ina kipande cha fuwele ya lanthani floraidi kwenye ncha. Ilivumbuliwa na watafiti Frant na Ross mwaka 1966, na bado hakuna kitu rahisi kinachoishinda kwa kazi hii. Ila inasoma floraidi iliyo huru tu.

*Inasoma ndogo.* Karibu kila mara ni kwa sababu hukutia bafa ya TISAB. Aluminiamu na chuma vilivyomo majini huishika floraidi, elektrodi haiioni. TISAB inavibana vyuma hivyo na kuiachilia. Changanya nusu kwa nusu, sampuli na TISAB, na fanya vivyo hivyo kwenye myeyusho wa kulinganishia. Sababu ya pili ni chombo cha glasi, kwani floraidi hushikana na glasi. Tumia plastiki. Ya tatu ni haraka: kwenye maji yenye floraidi kidogo elektrodi hii inaweza kuchukua dakika tano au zaidi. Namba ya sekunde ya thelathini si jibu.

*Inasoma kubwa.* Sababu ya kwanza ni yetu hapa, sijaikuta kwenye vitabu vya kifaa: watu wanasuuza na kuzimua kwa maji ya bomba, au ya chupa ya kunywa. Ukiwa Arusha, maji hayo yenyewe yanaweza kuwa na floraidi, kwa hiyo sifuri yako si sifuri. Tumia maji ya betri yaliyohakikiwa, na kila siku pima kwanza maji hayo matupu yakiwa na TISAB. Sababu ya pili ni pH kubwa. Ioni za haidroksaidi zinaidanganya fuwele, kwa kuwa zinafanana na floraidi kwa ukubwa na chaji. Maji ya magadi, kama ya maziwa ya Momella, yanaizidi nguvu TISAB. Baada ya kuchanganya, pima pH ya mchanganyiko: iwe kati ya 5 na 5.5. Ikipita, zimua sampuli mara 10 au mara 100 kwanza. Kwa maji hayo utalazimika kuzimua tu hata hivyo, maana floraidi yake ni ya mamia ya miligramu.

*Haitabiriki.* Joto. Myeyusho wa kulinganishia umetoka kwenye friji, sampuli imetoka juani kwenye buti la gari. Viache vyote mezani saa moja. Kwa elektrodi hii kosa la milivolti 1 ni kosa la karibu asilimia 4, na milivolti 3 zinageuza 1.4 iliyo salama kuwa karibu 1.6 inayofungisha kisima.

Kuhakiki fuwele: pima miligramu 1 kwa lita na miligramu 10 kwa lita. Tofauti iwe milivolti 54 hadi 60. Ikipungua, weka dawa ya meno yenye floraidi kwenye kitambaa laini, isugue ncha kwa duara sekunde 30, suuza mara nyingi, loweka kwenye myeyusho wa kulinganishia, rudia. Watengenezaji wenyewe wanashauri hivyo.

Onyo. Usitie asidi kali kwenye myeyusho wa floraidi uliokolea kwa kufikiri unashusha pH. Unatengeneza haidrojeni floraidi, na hiyo inapenya ngozi mpaka mfupa, mara nyingine bila maumivu ya mwanzo. Na kama kipimo chako kitaamua kisima kifunguliwe au kifungwe, peleka sampuli kwenye maabara yenye ithibati. Kifaa cha nyumbani ni cha kuonyesha kisima kipi kipelekwe kwanza.

"Oksijeni inasoma zaidi ya asilimia 100" / "haifiki ile ya kitabuni"

Uliza kwanza saa. Bwawa la kijani saa tisa alasiri linaweza kufika asilimia 140 kwa haki kabisa, mwani unapumua oksijeni nje. Kipimo kinachokuhusu ni cha saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka.

Kama saa si sababu, basi ni mwinuko. Kitabu kinasema maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8.26 za oksijeni kwa lita. Hiyo ni ya pwani. Moshi mjini, karibu mita 890, hewa ina hektopaskali 911 hivi na maji hubeba takriban 7.4. Arusha, mita 1,400, ni hektopaskali 856 na maji hubeba takriban 6.9. Hakuna mita wala pampu itakayokupa 8.26 huko kwa kupuliza hewa tu.

Kosa ninalokutana nalo kila mwezi: mtu anaulizwa na mita kanieneo ya hewa, anafungua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, anaona 1015, anaiingiza. Namba ya simu imesharekebishwa iwe kama uko usawa wa bahari. Kwa kufanya hivyo Arusha unaongeza karibu asilimia 19 ya oksijeni ambayo haipo. Tumia kihisi cha kanieneo kilicho ndani ya mita au hesabu kwa mwinuko wako.

Vingine ni vya kawaida: povu chini ya utando, utando uliochanika, elektrolaiti iliyoisha. Na kihisi cha utando kinakula oksijeni kadiri kinavyopima, kwa hiyo lazima maji yatembee mbele yake. Kihisi kinachopima kwa mwanga hakina njaa hiyo, ila kofia yake inachoka na haitakiwi kukaa juani.

"Chipu ya samaki haisomeki"

Tunazungumzia chipu ndogo ya kioo, ya milimita 12 na gramu 0.1 hivi, inayowekwa ndani ya tumbo la samaki. Haina betri. Antena inarusha mawimbi ya sumaku ya kilohezi 134.2, chipu inaamka na kutaja namba yake ya tarakimu 15.

Kama haisomeki *hata ukiigusisha kwenye antena*, sababu inayoongoza ni kwamba umenunua kisomaji cha kilohezi 125, kile cha kadi za milango. Vinafanana sura na ni rahisi zaidi, lakini haviongei lugha moja na chipu ya samaki. Ya pili, chipu zipo za aina mbili, FDX-B na HDX, na si kila kisomaji kinasoma zote. Soma karatasi ya chipu kabla ya kumgusa samaki. Ya tatu, kioo kimepasuka wakati wa kuingiza.

Kama *mezani inasomeka sentimita 20, kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia) haisomeki hata 5*, hilo ni tatizo la mahali. Waya wa antena na kapasita yake vinaimba sauti moja tu, kama kengele. Ukiwa na waya wenye maikrohenri 27, unahitaji nanofaradi 52 kufika kilohezi 134.2. Ukiusogeza waya huo karibu na bati, nondo au bomba la chuma, unabadilika, na sauti inahama. Kwa hiyo antena isirekebishwe mezani. Ifunge kwanza pale itakapokaa, ndani ya maji, kisha ndipo uongeze na kupunguza kapasita ukiangalia mkondo wa antena upande hadi mwisho. Tumia kapasita za polipropilini za volti kubwa. Antena iliyo kwenye mlio wake hufikia mamia ya volti kwenye kapasita ingawa betri ni ya 12. Zima kabla ya kugusa, kila mara, na sehemu zote zilizo wazi zifunikwe kwa epoksi kwa sababu mifongo inapitwa na watu na ng'ombe.

Pale Marangu tulihangaika siku nzima na antena iliyokuwa nzuri jana yake. Kumbe mwenye shamba alikuwa ameegesha toroli la chuma juu ya banio la mfongo.

Kama *usiku inasoma na mchana haisomi, au kinyume chake*, tafuta kelele za umeme. Kidhibiti cha sola hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele zake zinapanda hadi kwenye kilohezi za chipu. Inveta, taa za LED za bei ndogo, chaja za simu, uzio wa umeme, vyote vimo. Endesha kisomaji kwa betri tupu na uzime kila kitu kingine, halafu rudisha kimoja kimoja. Suluhisho langu la kawaida ni betri mbili: moja inachajiwa na sola, moja inafanya kazi, na zinabadilishana.

*Samaki wachache kuliko waliopita?* Chipu mbili zikiingia pamoja kwenye antena moja zinafunikana, hakuna inayosikika. Bana njia wapite mmoja mmoja. Kisha mkao: chipu inasomeka vizuri ikielekea kupita katikati ya duara kama uzi kwenye tundu la sindano, na vibaya ikilala sambamba na duara. Njia ya kuzungushia mlango wa bomba inashinda ile ya kulaza antena chini kwenye tope.

*Namba moja inasomeka mahali pamoja siku tatu mfululizo?* Samaki ameitema chipu, au amekufa pale. Pitisha wavu pale uone.

Na hii si ya antena kabisa: *"samaki wangu wote wana namba moja."* Umefungua faili kwenye programu ya majedwali, ikazionyesha tarakimu 15 kwa ufupi kama 9.85E+14, ukahifadhi. Faili limepoteza mikia yote. Safu ya namba ifanye ya maandishi kabla ya kuingiza data, na faili halisi kutoka kwenye kisomaji usilifungue, linakili kwanza. Dada mmoja mwanafunzi alipoteza msimu mzima kwa kubonyeza "hifadhi" mara moja. Tulikuta nakala kwenye kadi ya kumbukumbu ya kisomaji, na kwa sababu hiyo kila kifaa ninachotengeneza sasa kinaandika sehemu mbili.

Kuhusu kuweka chipu: isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki, kwa hiyo gramu 5 ndio mwisho wa chini wa hesabu. Mimi sishauri chini ya gramu 15. Vifaranga usiwaguse. Kufungua tumbo na kumlaza samaki kwa dawa kufanywe na daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa, akishuhudiwa. Na kama samaki si wa bwawa lako bali wa mto, bwawa la Nyumba ya Mungu, au ziwa Jipe au Chala, anza na afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Jipe na Chala zina perege wa asili wasiopatikana kwingi duniani.

"Kipokezi hakisikii chochote ziwani"

Kwenye ziwa pana antena ya mfongo haifai, hutumika kitambulisho chenye betri kinachotiwa ndani ya samaki. Kama ulichagua cha redio na maji yana chumvi nyingi, mawimbi yanazimwa na maji yenyewe, na hakuna marekebisho. Tumia cha sauti, mara nyingi cha kilohezi 69. Ukiwa nacho na bado kimya: matete na magugu yanakata sauti, mawimbi ya upepo wa mchana yanatia mapovu, boti ya injini inafunika kila kitu. Zamisha kitambulisho cha majaribio kwa kamba, sogea mita 50 kila mara, andika kinaposikika na kinapopotea, asubuhi na mchana. Fanya hivyo kabla hujamtia samaki wa kwanza.

"Boksi zima linajizima usiku"

Pima volti ya betri wakati kifaa kinafanya kazi, si kikiwa kimezimwa. Betri ya 12 inayoshuka chini ya 11.5 ikipewa mzigo imekwisha hata kama asubuhi inasoma 12.6. Kisha angalia viungo vya waya vilivyoota kutu ya kijani, halafu umande ndani ya boksi: toboa kitundu chini, si juu, na kipitishie uzi wa kuchuruzisha maji.

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyolowa au inayopata joto bila kuchajiwa, usiichaji tena na usiitoboe. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye mchanga mkavu mbali na vitu vinavyoungua, kisha umwite fundi wa sola aje aichukue.